Kamba ya Hariri Iliyoshuka Rwamgasa

Mama yangu alinipa habari ile akichambua mchicha, bila hata kuinua macho.

"Mdogo wako kapiga simu asubuhi. Anasema kamba imekubali. Sasa wanashukia hiyo hiyo."

Nilikuwa nafua uani, siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Nikamuuliza kamba gani.

"Ya wadudu wako. Ile niliyomsokotea."

Mikono yangu ilibaki ndani ya beseni. Nilimwomba arudie, akarudia, na safari hii akaongeza kwamba mdogo wangu alisema kamba ni nyepesi, haimchubui kiuno, na wachimbaji wenzake wote wa dhahabu wanaitamani. Mama alikuwa anatabasamu. 

Inabidi nieleze hao wadudu ni wa nini, maana hata majirani zangu hawakuelewa mpaka mwisho. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti upande wa Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ilikuwa kulisha viwavi wa hariri. Nilikata majani ya miforosadi asubuhi, nikayafuta umande, nikawatandazia kwenye trei, na jioni nikarudia tena. Kiwavi wa hariri ni mnene, mweupe na mvivu kupita kiasi. Ukimwekea jani pembeni kidogo hasogei, atakufa njaa analitazama. Mama alipowaona mara ya kwanza alisema katika maisha yake ya kufuga hajaona mifugo isiyo na shukrani kama ile.

Vyumba vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa na viwavi wa kawaida. Cha pili kilikuwa na wale ambao mayai yao yaliletwa yakiwa yameshapandikizwa jeni ya buibui. Mtafiti wetu mkuu, mwanamke wa makamo tuliyemwita Daktari tu, alitueleza jambo hilo kwa lugha tuliyoielewa. Uzi wa buibui una nguvu ya ajabu, lakini buibui hafugiki, ukiwaweka wengi pamoja wanalana. Kiwavi wa hariri yeye hana ugomvi na mtu. Basi wataalamu wanachukua ile sehemu ya urithi wa buibui inayoamua uzi uweje, wanaipandikiza kwa kiwavi, halafu wanamwacha ale na kusokota. Sisi tulikuwa tunatafuta majibu ya mambo mawili: je, kiwavi wa namna hiyo atavumilia joto letu la Shinyanga, na je, uzi wake utakuwa imara kweli? Wageni wakija, Daktari alipenda kuwaambia kwamba ukipima uzito kwa uzito, uzi huu unatarajiwa kukishinda chuma. Mdogo wangu aliwahi kuja kunitembelea siku kama hiyo, akasimama mlangoni na kusikia. Kilichobaki kichwani mwake ni chuma.

Sheria ya kituo ilikuwa moja na haina mjadala. Hakuna kinachotoka mle ndani bila kupita motoni. Kinyesi cha viwavi, masalia ya majani, uzi ulioharibika, vyote vilimwagwa kwenye pipa moja, vya chumba hiki na vya chumba kile vikichanganyika, kisha vikachomwa. Uzi mzuri ndio uliopimwa, na hata huo ulipimwa mmoja mmoja, kwa mashine, ukiwa mkavu. Kamba hatukuwahi kutengeneza.

Sasa vifukofuko, vile viota vya uzi anavyojisokotea kiwavi, vikiwa tayari, kazi huwa nyingi na mikono haitoshi. Daktari aliniruhusu nimlete Mama kama kibarua wa kuchambua manyoya ya juu ya vifukofuko kabla havijachemshwa. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Mama amekulia kwenye pamba. Sisi Wasukuma wa pamba tumefundwa kwa fimbo kwamba nyuzi haziachwi. Ukivuna ukaacha hata kipande kwenye kikonyo, bibi alikurudisha shambani na jua lake. Mwanamke wa namna hiyo umweke mbele ya pipa la hariri inayosubiri kiberiti! Kila jioni aliondoka na bonge la uzi ndani ya pindo la kanga, msimu baada ya msimu, na mimi niliyekuwa natembea naye bega kwa bega kurudi nyumbani sikuona kitu.

Alisokota mchana nikiwa kazini, kwenye paja, kama walivyosokota kamba za katani kwao. Ilipokamilika ilikuwa nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Akaijaribu kwa jaribio analoliamini yeye na ukoo wake wote: aliifunga shingoni mwa dume la ng'ombe la jirani, upande wa pili kwenye kisiki, akalichokoza dume kwa fimbo mpaka likapandwa na hasira. Kwetu kamba iliyomshika dume haina haja ya kuulizwa swali lingine. Dume lilivuta, likapiga magoti, kamba ikabaki nzima. Akaiviringisha, akaitia kwenye mfuko wa unga, akampa dereva wa basi aipeleke Geita.

"Mama," nikamwambia, nikijitahidi nisipige kelele, "ile ni kamba ya ng'ombe. Ng'ombe akikata kamba unamfuata majanini. Yeye akikatikiwa unamfuata wapi?"

"Dume lina nguvu kuliko mwanangu."

"Dume lilivuta kamba kavu, kwenye uwanja! Kule shimoni kuna maji, kuna mawe."

Akaacha mchicha. "Ng'wanawane, mwanangu, mimi siwezi kumzuia asishuke. Nilimwomba akakataa, na wewe ulimwomba akakataa. Nikasema basi, ashikwe na kitu nilichokifanya kwa mikono yangu."

Nilikasirika mno, na hasira yangu haijui adabu. Nilimwambia mwizi. Nilimwambia mama yangu mzazi mwizi, siku ya Jumapili. Akarudi kwenye mchicha wake, na mimi nikaingia ndani kutafuta nauli.

Simu ya mdogo wangu haikupatikana, wala sikutegemea. Wakishuka simu hubaki juu zimezimwa. Asubuhi yake nikapanda basi la Geita kupitia Kahama, na njiani, kila lilipopunguza mwendo, nikawa najaribu tena namba ile ile. Mwishowe nikampigia Daktari. Nilijaribu kuuliza kwa kuzunguka.

"Daktari, shikamoo. Samahani. Hivi ule uzi wetu, mtu akisokota kamba, anaweza kuning'inia?"

Akauliza, "Nani anataka kuning'inia?"

Nikamweleza yote. Nilijua kazi imekwenda, na kwa wakati ule ningeitoa mara kumi. Daktari hakunikaripia. Sauti yake ilishuka tu. Alisema hajui. Alisema hariri ikilowa hupungua nguvu, ikisuguliwa kwenye jiwe huliwa kidogo kidogo, na kwa kuwa Mama alichota kwenye pipa la pamoja, kamba ile ni mchanganyiko, hakuna anayeweza kusema wapi ni uzi wa buibui na wapi ni uzi wa kawaida. "Inaweza kumshika mwaka mzima," akasema, "na inaweza isimshike leo. Mtoe kwenye hiyo kamba." Hilo la kwamba mtaalamu hajui ndilo lililonitia hofu kuliko yote, maana nilikuwa nimempigia ili aniambie nimejisumbua bure.

Geita mjini nilishukia Kalangalala, alikopanga wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Nilimkuta anapika. Aliponiona mlangoni bila taarifa, na begi sina, mwiko ulimdondoka.

"Wifi, nani kafariki?"

"Hajafariki mtu. Yuko wapi?"

"Kaondoka jana jioni. Leo ana zamu ya mchana."

Nilipomwambia habari ya kamba alikaa chini sakafuni. Alikuwa ameiona. Alikuwa ameisifia, ameivuta mwenyewe na kucheka kwamba mumewe sasa anavaa hariri kama bibi harusi. Tukafunga mlango, sufuria tukaiacha kwa jirani, tukachukua bodaboda moja wote wawili mpaka Rwamgasa. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Wifi alikuwa ananishika kiuno kwa nguvu, na nilihisi anaomba, maana midomo yake ilikuwa inacheza mgongoni kwangu.

Duara lao, yaani shimo lao, lilikuwa mbali na barabara, katikati ya mengine mengi, kila moja na turubai lake. Palikuwa na kelele za karasha zinazosaga mawe, ukizungumza lazima upige kelele. Tulipofika kwenye banda la mama ntilie wifi akanivuta mkono.

"Hapa ndipo mwisho wetu. Mwanamke hasogei duara. Wanasema mawe ya dhahabu yanakimbia."

"Yakimbie."

"Wifi, watatufukuza kabla hujasema neno!"

Nilikwenda. Kabla sijafika msimamizi wa duara, mtu mzima mwenye kofia ya sufi kwenye jua lile, alinyoosha mkono. "Mama! Hapo hapo! Usisogee!"

Nilisimama kwa sababu nilikuwa nimeshaiona kamba ya Mama. Ilikuwa inatoka kwenye gogo la winchi, inapita juu ya boriti iliyolazwa mdomoni mwa shimo, inazama. Nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo, nyembamba, imekaza, inachuruzika maji. Vijana wawili walikuwa wameshika mikono ya winchi na walikuwa wanazungusha. Kulikuwa na mtu kwenye ncha.

"Ni nani huyo?" nikauliza.

"Unamtafuta nani?"

Nikamtaja. Msimamizi akasema ndiye huyo huyo anayepanda, analeta ujumbe wa mafuta ya pampu, nisubiri kwa mama ntilie.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni na sikuweza kusema hata moja. Ningesema kamba ni mbovu, wangesimama, na kusimama ni kumwacha ananing'inia. Ningenyamaza, ikakatika, ningebaki na ukimya huo mpaka kaburini. Nikawa natazama pale kamba inapopita juu ya boriti. Kila gogo lilipozunguka ilitoa mlio mdogo, kama kiatu kipya, na kila ilipotoa mlio huo nilibana meno. Wifi nyuma yangu alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Wale vijana walizungusha taratibu, wakiongea mambo ya mpira.

Kofia ya mdogo wangu ikatokea, halafu taa, halafu uso wote tope. Alikuwa anacheka na vijana wa winchi. Akaniona, kicheko kikakatika. Akaweka goti kwenye boriti, akasimama, na hata kabla hajafungua kamba kiunoni, kwa mazoea tu, akasema, "Shikamoo dada."

Sikuitikia. Nikaenda mpaka alipo, mwiko wao nikiuvuka kwa miguu yangu yote miwili, nikamshika mashavu, nikamtikisa. Halafu nikaanza kupiga kelele. Niliwaambia wote kwamba kamba ile imeokotwa kwenye pipa la takataka, haijapimwa na mtu, uzi wake ni wa majaribio, na aliyeusokota ni mama mzee wa Shinyanga. Mdogo wangu aliona aibu. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, na dada yake anambwatukia mbele ya duara zima.

"Dada, inashika," akasema. "Imetushika wiki nzima."

"Ijaribuni basi! Fungeni kiroba cha mawe kizito kukushinda. Imwagieni maji, iachieni kwa kishindo. Mkiona imekatika mtaniamini."

Nilitaka ikatike mbele ya macho yao. Nilikuwa na hakika itakatika. Wachimbaji wa maduara ya jirani walisogea, maana hakuna anayekataa burudani ya bure. Wakajaza kiroba, msimamizi akampigia kelele aliyebaki chini ajibanze kwenye handaki la pembeni, watu wawili wakakibeba kwa shida, wakakifunga, wakakisukuma mdomoni kikadondoka kwa ghafla. Gogo la winchi lililia. Kamba ikajinyoosha, ikacheza juu ya boriti, ikatulia. Wakapandisha, wakaachia tena. Ikashika. Watu wakashangilia, mmoja akapiga kelele, "Mleteni huyo bibi, tumpe duara!"

Mdogo wangu alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nilikuwa nimekuja kumwokoa na nilikuwa nimewathibitishia kwa kiroba changu mwenyewe. Kuanzia pale angeshukia kamba ile kila siku, na kila siku ingeliwa kidogo pale kwenye boriti, na mtu akitia shaka wangemwambia dada yake mwenyewe aliijaribu. Kushika leo si kushika kesho. Nilijua hilo, wao hawakulijua, na sikuwa na namna ya kuwaonyesha.

Palikuwa na panga limeegemezwa kwenye matimba, magogo yao ya kushikilia kuta za shimo. Waliposhusha kiroba pembeni nikalichukua, nikaikanyaga kamba juu ya boriti, nikakata. Haikukatika kwa pigo moja. Ilibidi niikekete, jasho linanitoka, wao wakiwa wameduwaa, na nilikuwa nalia kwa hasira kwa sababu hata panga lilikuwa linakataliwa. Kisha nikakata tena mahali pengine, ili isiungike.

Kelele zote zikaisha, zikabaki za karasha. Msimamizi akavua kofia. Nilitegemea nipigwe.

Mdogo wangu aliingia chini ya turubai, akatoka na kamba nyingine begani, ile waliyokuwa wakiitumia kabla. Akaibwaga miguuni kwangu. Ilikuwa ya plastiki, imefifia rangi, imeota manyoya, na ilikuwa na mafundo. Mahali ilipokatika waliifunga, ilipokatika tena wakafunga tena. Fundo moja lilikuwa la waya. Nilipoinama kuitazama nilielewa kwa nini Mama alisokota, na kwa nini mdogo wangu aliishukuru ile ya hariri. Hakuwa amemwambia Mama sababu. Mama alijua bila kuambiwa.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Acha. Twende hata leo."

"Mwenzangu yuko chini peke yake. Alikuwa ananisubiri nirudi. Shimoni mtu haachwi peke yake, dada."

"Mpandisheni na yeye basi!"

"Kwa kamba ipi?" Alikuwa anajifunga tayari. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, vimezoea. Wifi alikuwa amekuja mpaka karibu, naye ameuvuka mwiko, na hakuna aliyemzuia. Alimrekebishia mumewe mkanda wa taa.

Kwenye kila winchi huwa pana mtu wa tatu, anayesimama mdomoni na kuiachia kamba ipite viganjani mwake, ili asikie kama kuna hitilafu na apokee ishara kutoka chini. Mdogo wangu akamwonyesha huyo kijana apishe. Kisha akanitazama.

"Ya Mama umeikata. Basi hii shika wewe."

 Nikashika. Mdogo wangu akakaa kwenye boriti, akatazama juu mara moja, akajiachia, na uzito wake wote ukaingia mikononi mwangu ingawa nilijua ni winchi iliyombeba. Vijana walizungusha. Kamba ilipita viganjani, kavu na kali, na mafundo yakaja, kila moja nililipokea na kuliachia, na lile la waya lilinichana nikaliachia pia. Taa yake ilikuwa nukta, ikapotea. Hakuna aliyezungumzia mpira.

Kamba ikalegea. Nikamtazama msimamizi, akaniambia subiri. Ikatikisika, kwa utulivu, kutoka chini kabisa. Amefika.

"Mama, unaweza kuiachia sasa," msimamizi akasema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Kapumzike kivulini, wakipanda tutakuita."

Sikuiachia. Alikuwa bado hajapanda.